Pembe za Tanga Ambazo Sikuzigusa

Kaka yangu alikuwa fundi wa kufua matanga ya mashua, na watu walimwita Bado. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Mwenye mashua akija kuulizia tanga lake, kaka atainuka, atalisogelea pale lilipoanikwa, atalibandika shavuni kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha atasema, "Bado." Mtu akirudi kesho yake, "Bado." Wapo waliokasirika na wapo waliocheka, lakini wote walirudi kwake, kwa sababu tanga lililotoka mkononi mwake lilikaa ndani ya mfuko miezi sita na siku likifunguliwa lilikuwa bado linanukia sabuni.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Wazazi walitutoka nikiwa na miaka tisa, na yeye ndiye aliyenilea, yeye na wifi, ambaye aliolewa akakuta binti mzima mzima anamsubiri ndani amchane nywele. Naeleza haya mapema ili msomaji ajue namzungumzia nani. Siyo kaka wa kukutana naye misibani. Ni mtu aliyenifunga kamba za viatu asubuhi za shule huku chai yake inapoa.

Kazi aliifanyia uani. Sakafu ilikuwa ya saruji, imeinamishwa kidogo kuelekea kwenye mfereji, na juu yake zilipita kamba sita kutoka ukuta hadi ukuta, juu kiasi kwamba tanga halikugusa chini. Kulikuwa na beseni kubwa la plastiki ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani, brashi za kila aina zimetundikwa kwenye misumari, na pipa la maji lenye mfuniko uliofungwa kwa waya. Ukiingia ulikutana na harufu ya sabuni na siki.

Watu hudhani kufua tanga ni kama kufua shuka, tofauti ni ukubwa tu. Walikuwa wananikera sana watu hao, na bado wananikera. Tanga lenye ukungu halianzwi kwa maji. Linaanzwa kavu. Linatandazwa juani, wewe unajifunga kitambaa puani, unasimama upande unaotoka upepo, na unayasugua yale madoa meusi kwa brashi laini mpaka vumbi lake lipeperuke. Ukikimbilia kumwaga maji, unausukuma ukungu ndani ya nyuzi, na humo hautoki tena. Baada ya hapo ndipo yanakuja maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Kutu ya kwenye pete za pembeni inatolewa kwa ndimu na jua. Kinyesi cha ndege kinaloweshwa, hakikwanguliwi. Dawa ya klorini ni kidogo sana, na kwa kitambaa cheupe cha poliesta peke yake. Nailoni ikionja klorini inageuka njano na kuchanika kama gazeti.

Halafu kusuuza. Hapo ndipo kaka aliponichekesha miaka yote. Alisuuza mara tatu, kisha akasimama chini ya tanga linalodondosha maji, akakinga tone moja kwa ulimi. Likiwa na chumvi hata kwa mbali, tunaanza upya, maana chumvi ikibaki kwenye kitambaa inavuta unyevu wa hewani na tanga halikauki hata ulianike wiki. Wifi alikuwa akimwona pale, mdomo wazi, anasema, "Mume wangu anataka kuimaliza bahari kwa matone." Na akimwona ameweka shavu kwenye tanga anasema, "Heri hilo tanga. Mimi shavu hilo nililiona mara ya mwisho siku ya harusi." Kaka anacheka mpaka anashika ukuta.

Lakini kwenye kukausha hakuwa na mzaha. Tanga hukauka tumboni kwanza, na mtu asiyejua akiligusa hapo atasema tayari. Pembe ndizo zinazodanganya. Pembe zimeshonwa tabaka juu ya tabaka, tano, sita, ili zibebe nguvu ya upepo, na maji hujificha humo siku nzima baada ya kwingine kote kukauka. "Gusa pembe zote tatu," aliniambia tangu nikiwa mdogo, "halafu ndiyo ukunje." Nilijua hilo kabla sijajua kupika.

Mteja wake mkubwa alikuwa chuo kimoja cha kufundishia kuendesha mashua, kilichokuwa ng'ambo ya barabara ya bandarini. Matanga yao yote yalipita uani kwetu. Kwa kweli tuliishi kwa chuo hicho, na wenye mashua wengine walimwamini kaka kwa sababu chuo kilimwamini. Nilipofika miaka ishirini na minne, nimemaliza masomo na nimekaa nyumbani bila mbele wala nyuma, kaka alivaa shati lake la kutokea, akaenda kwa mkuu wa chuo kuniombea kazi. Alikaa nje ya ofisi siku mbili. Siku ya tatu akarudi na barua: nimechukuliwa kuwa mtunza stoo ya matanga, nianze Jumatatu.

Sasa, Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu.

Tulikuwa na matanga kumi na mawili ya chuo kwenye kamba, yamefuliwa jana yake. Kaka aliamka na jino limemvimbisha uso. Alijaribu karafuu, alijaribu maji ya chumvi, mwishowe wifi akamshika mkono kama mtoto akampeleka kung'olewa. Akiwa mlangoni aligeuka, akaniambia huku ameshika taya, "Dereva wa chuo akija mwambie bado. Aje Jumatatu."

"Sawa, kaka."

"Na usiyaache peke yake, mvua ikija uyaondoe."

"Kaka, nenda. Utaanguka hapo."

Nami nilikuwa na jambo langu. Msusi wa mtaa wa pili, ambaye kumpata ilikuwa shughuli kuliko kumpata daktari, alikuwa ameniahidi nafasi saa tisa. Nilitaka kuingia kazini Jumatatu kichwa kikiwa cha mtu. Nilikuwa nimeshanunua nywele, ziko kwenye mfuko kitandani, nimezichungulia mara kumi. Saa nane dereva akapiga honi.

Nimejiuliza miaka mingi kama nilifikiri chochote dakika ile. Nilifikiri. Nilifikiri kwamba nikisema bado, nitabaki kuyalinda hadi jioni, na msusi atampa mwingine kiti changu. Nikaenda kwenye tanga la kwanza nikaligusa tumboni. Kavu. La pili, kavu. Yote kumi na mawili niliyagusa tumboni tu. Pembe sikuzigusa. Sikuzigusa kwa sababu nilijua, na nilijua kwamba nikizigusa sitaweza kujifanya sijui.

Nilikunja haraka, dereva akinisaidia kuingiza mifukoni. Tulikuwa tunapakia mifuko ya mwisho kaka alipotokea na wifi, pamba mdomoni, shavu limejaa. Aliangalia kamba tupu, akaniangalia mimi. Akafungua mfuko mmoja, akavuta pembe ya tanga, akaiweka shavuni kwa mazoea. Kisha akaanza kucheka, akinionyesha uso wake kwa kidole. Ganzi ya jino ilikuwa haijaisha. Hakuhisi kitu.

"Pembe umegusa?" aliuliza, maneno yakipita kando ya pamba.

"Nimegusa zote."

"Zote?"

"Kaka, wewe umenifundisha mwenyewe."

Akaridhika. Alikuwa na shavu la pili, alikuwa na mikono, lakini alikuwa na maumivu, na alikuwa na neno langu. Akafunga mfuko. Mimi saa tisa nilikuwa kwenye kiti cha msusi, na nilisukwa nikapendeza kweli.

Zikapita wiki tatu. Kazi niliipenda. Nilikuwa na funguo zangu kiunoni, daftari langu, na dirisha. Matanga yale yalikaa kwenye rafu ya juu yakingoja kundi jipya la wanafunzi, nami nilikuwa nayaona kila siku nikijiambia kwamba labda yamekauka humo humo. Siku wanafunzi walipofika, mkuu wa chuo, nahodha mstaafu mwenye maneno machache, aliniagiza niyatoe uwanjani. Nilipofungua mfuko wa kwanza harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Harufu ya chumba kilichofungwa na mgonjwa ndani. Pembe zilikuwa nyeusi, na kutoka pembeni weusi ulikuwa umetambaa mpaka katikati, matone matone. La pili hivyo hivyo. Yote kumi na mawili.

Mkuu aliinama akaangalia, kisha akaniuliza, "Stoo yako inavuja, au hili ni kosa la mfuaji?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

Neno hilo moja. Akatuma mtu akamwite kaka.

Kaka alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akasalimia watu wote. Alipiga magoti kwenye nyasi akalifunua tanga, na mikono yake ikaenda moja kwa moja kwenye pembe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akahamia tanga jingine. Alipofika la nne hakuendelea. Aliinua uso akanitazama. Siyo kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyekuuliza swali na anangoja jibu.

"Fundi," mkuu alisema, "nataka kujua kitu kimoja. Kama ni stoo, nibadilishe mtunza stoo. Kama ni wewe, niambie."

Kaka alitoa kitambaa mfukoni akafuta mikono, ambayo haikuwa na kitu. Akafuta kidole kimoja kimoja. Wanafunzi walikuwa wamesimama wakitutazama. Mimi niliziangalia funguo zangu, nikazihesabu, zilikuwa saba.

"Stoo haina kosa, bwana mkuu," kaka alisema mwishowe. "Niliyakunja mabichi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe Bado ukunje tanga bichi?"

"Ndiyo. Nilikuwa na jino."

Kuna mwanafunzi mmoja alicheka. Kaka aliinuka, akapangusa magoti, akaomba radhi kwa mkuu na kwa wanafunzi pia. Aliponipitia aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukirudi jioni pitia mkate, wa nyumbani umeisha."

Nilipitia mkate. Nilipofika, wifi alikuwa ameshapata habari na alikuwa anamwakia kaka. "Miaka yote unawazungusha watu, bado, bado, halafu mteja mmoja anayetulisha ndiye unamkunjia matanga mabichi! Haraka ya nini? Ulikuwa unakwenda wapi?" Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, ameinamisha kichwa. "Nisamehe, mke wangu," akasema. "Nilipitiwa." Nami nimesimama mlangoni na mkate. Wifi akanigeukia, "Na wewe shukuru hawakukufukuza kwa ajili yake." Nikasema, "Ndiyo, wifi." Nikauweka mkate mezani, tukala.

Nilimngoja anigombeze. Angenigombeza ningelia, ningesema yote, yangeisha. Nilimkasirikia hata, fikiria, nilimkasirikia yeye kwa kuninyamazia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na lile jambo likazidi kuwa zito kulitamka. Kila siku niliyoacha kusema ilinipa kosa jipya la kueleza.

Habari zilienea bandarini siku ile ile. Wenye mashua walikuwa wanamstahi kwa ajili ya neno moja, na sasa neno hilo likawa kichekesho. Akipita na baiskeli wanamwuliza, "Vipi, yamekauka?" Mmoja mmoja wakahamia kwa mfuaji mwingine, kijana mwenye mashine na maneno mengi. Kaka akachukua kazi za maturubai, mahema, mapazia ya kumbi. Watu wa mapazia wanataka leo leo. Ukiwaambia bado wanakwenda kwingine. Akaacha kulisema. Kamba sita zikawa tatu, kisha ikabaki moja ya nguo za nyumbani. Mwishowe ua ukakodishwa kwa muuza soda, akajaza makreti hadi kwenye mfereji.

Mimi nilipanda. Nikawa msimamizi wa stoo zote, nikaolewa, nikajenga. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea kaka bahasha, naye aliipokea kwa mikono miwili na kunishukuru, na kila aliponishukuru nilitamani ardhi inifiche. Matanga yaliyoletwa na yule kijana wa mashine nilikuwa nayagusa pembe zote tatu, na mara nyingi nilimrudishia. Chuoni walinisifu kwamba sina mzaha.

Miaka kumi na minne. Mwaka huu tumepata mkuu mpya, mama wa makamo anayependa mambo yanyooke. Yule kijana wa mashine alikuwa ameharibu matanga matatu ya nailoni kwa klorini, na mama mkuu akaniita ofisini. "Nani anajua kazi hii hapa mjini?"

"Kaka yangu," nikasema. Lilinitoka tu.

Akafungua jalada la mafundi, akapekua, akasimama kwenye karatasi iliyogeuka rangi. Akanigeuzia nisome. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: Fundi huyu amekiri kukunja matanga mabichi. Asipewe kazi tena.

Niliisoma mara mbili. Amekiri. Nikakaa bila kuambiwa nikae, nikamweleza yote, msusi, dereva, jino, funguo. Nilikuwa nalia, na sikuwa na hata kitambaa. Mama mkuu alivua miwani.

"Umekaa na hili miaka kumi na minne?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye anajua?"

Nilirudisha macho kwenye ile karatasi. Akachukua kalamu, akaupiga mstari ule mwandiko. "Suala lako wewe nitalishughulikia Jumatatu," akasema, na hakuonekana kunihurumia. "Kamwambie kazi yake ipo."

Nilikwenda moja kwa moja. Nisidanganye, njiani nilikuwa karibu na furaha. Nilimkuta kaka chumbani, amekaa dirishani upande usio na makreti, kibomba chake cha kuvutia dawa kiko kwenye paja. Kifua kilimwanza miaka mitatu iliyopita. Daktari alimwambia ni vumbi la ukungu la miaka yote ile, asilikaribie tena. Nililijua hilo. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba atasimamia tu, wengine watafua.

Nilikaa chini, kwenye mkeka, miguuni pake. "Kaka, yale matanga ya chuo. Ni mimi. Sikugusa pembe."

"Najua."

"Nilikuambia nimegusa."

"Najua, mdogo wangu. Mimi nilikuwa sijayakunja, si ndiyo? Nilikuwa napasuliwa mdomo." Akatabasamu kidogo.

Nikamweleza habari za mama mkuu, za mstari uliopigwa, kwamba kazi ipo, kwamba atapewa watu chini yake. Alisikiliza yote. Alipotaka kusema alikohoa kwanza, akavuta dawa, akangoja pumzi irudi.

"Nisimamie bila kugusa?" akauliza. "Nitajuaje limekauka?"

Nilikitazama kile kibomba pajani pake.

"Mshukuru huyo mama. Mwambie nimezeeka."

"Kwa nini hukusema siku ile? Ungesema tu ni mimi."

"Ungekosa kazi. Nilikaa nje ya ile ofisi siku mbili kwa ajili yako." Alitazama nje. "Pale mbele ya watu sikukulaumu, ulikuwa mdogo, uliogopa. Nilidhani jioni utaniambia. Ulipoleta mkate nikasema, haya, sasa ataniambia. Kisha nikasema labda kesho."

Nilishika miguu yake nikaomba msamaha, kwa maneno ninayoona aibu kuyaandika. Aliniwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akifanya zamani nikianguka.

"Nilishakusamehe siku nyingi," akasema. "Hilo lisikusumbue. Ila ile kazi niliipenda sana."

Wifi aliita kutoka jikoni kwamba chakula tayari. Kaka akasema tunakuja, lakini hakuinuka, na mimi sikuinuka.